Hatua Mbili Kutoka Usoni

Kila nionekanapo mtaani nimetundika kamera shingoni, swali ninaloulizwa ni moja, liwe limetoka kwa kijana wa chuo au kwa mzee mwenye duka: "Ndugu mwandishi, hivi kamera iliyo bora ni ipi?" Nimekwisha kulijibu swali hili barabarani, ndani ya daladala na hata msibani, na mara zote nimelijibu kwa haraka. Leo ningependa kulijibu kwa utulivu, lakini kwa upande mmoja tu wa kazi hii, nao ni upande wa kupiga picha za watu: uso, mabega na pengine mikono iliyopakatwa. Picha za mpira, za mikutano na za mashamba zina mahitaji yake, na leo sitazigusa.

Jibu langu, ndugu msomaji, ni kwamba anayetaka kupiga picha za watu asianze na kamera. Aanze kwa kujiuliza atasimama wapi. Akishajua mahali pa kusimama, lenzi itajichagua yenyewe, na kamera itafuata lenzi kama vile tela linavyofuata gari.

Nieleze sababu. Katika uso wa mtu mzima, ncha ya pua imetangulia mbele ya masikio kwa sentimita 12 hivi. Ukimsogelea mtu hadi nusu mita, pua yake iko umbali wa sentimita 50 kutoka kwenye lenzi na masikio yako sentimita 62. Kwa sababu hiyo pua itatokea kubwa kupita kiasi chake kwa karibu robo nzima ikilinganishwa na masikio. Ndiyo maana vijana wanaojipiga picha kwa simu iliyoshikwa kwa mkono ulionyooshwa hutokea na pua pana, paji la uso lililovimba na masikio yaliyokimbilia nyuma. Kosa si la pua zao. Sasa rudi nyuma hadi mita 1 na sentimita 80. Tofauti ile inapungua na kuwa chini ya sehemu 7 katika 100, na uso unarudi kuwa kama tunavyoujua tunapozungumza na mwenyewe. Ukirudi nyuma zaidi, hadi mita tatu au nne, uso huanza kuwa bapa, kama sura iliyochongwa kwenye sarafu.

Wauzaji wengi wa vifaa husema kwamba lenzi fulani "hurefusha uso" na nyingine "huupanua". Maneno hayo yana ukweli nusu. Kinachobadilisha uso ni umbali. Kazi ya lenzi ni kukuruhusu kusimama katika umbali huo na bado uijaze picha kwa kichwa na mabega bila kubakiza nusu ya ukuta wa jirani. Kwa kamera yenye kipimo kile kile cha filamu ya zamani ya milimita 35, lenzi ya milimita 28 itakulazimisha usogee hadi karibu nusu mita. Ile ya milimita 50 itakuweka chini kidogo ya mita moja. Ya milimita 85 itakuweka mita moja na nusu, na ya milimita 105 itakuweka karibu mita 1 na sentimita 80, yaani hatua mbili za mtu mzima.

Hatua hizo mbili ndizo zilizoniteka mimi. Tazama mtu anavyomwamkia mzee wake katika nyumba zetu. Hamvamii hata pumzi yake ikamgusa usoni, wala hasimami mlangoni akapaza sauti. Husogea mpaka mahali ambapo "shikamoo" inasikika kwa sauti ya kawaida, na hapo husimama. Umbali huo una adabu ndani yake. Mtu aliyezoea kuamkiwa kutoka hapo hashtuki akiiona kamera imesimama hapo hapo. Lakini umsogezee kioo cha lenzi hadi puani na utaona shingo inavyokakamaa na macho yanavyotafuta pa kukimbilia. Picha utaipata, ila itakuwa picha ya mtu anayengoja umalize uondoke.

Kwa hiyo lenzi niipendayo ni ya milimita 105, yenye tundu linalofunguka hadi 2.5, iliyotengenezwa na Nikon. Historia yake ni ndefu. Ilianza kuuzwa mwaka 1954 kwa kamera za aina nyingine, ikaingia katika kamera ya Nikon F mwaka 1959, na mwaka 1971 mpangilio wa vioo vyake ukabadilishwa. Nakala niliyo nayo ilitengenezwa miaka ya 1980. Ina vioo vitano ndani, uzito wake haufiki nusu kilo, na fokasi yake huzungushwa kwa mkono. Nilimnunulia mpiga picha mmoja mstaafu ambaye macho yalikuwa yamemchoka. Inakaa vizuri kabisa kwenye kamera yangu ya dijitali, Nikon D750, iliyotoka mwaka 2014, kwa sababu kampuni ile haikubadilisha umbo la mdomo wa kamera zake za aina hiyo tangu 1959. Mtu anayeishi kwa mshahara hana budi kulipenda jambo kama hilo.

Lenzi hiyo hiyo, kwa aina yake, ndiyo iliyotumiwa na Mmarekani Steve McCurry mwezi Desemba 1984 kumpiga picha msichana wa Kiafghani katika kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh, karibu na Peshawar, Pakistan. Picha ile ilitokea kwenye jalada la gazeti la National Geographic mwezi Juni 1985, na ikasambaa dunia nzima. Nitairudia baadaye kidogo, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo wapenda lenzi hawapendi kulizungumza.

Sisemi kwamba kila mtu akaitafute lenzi kama yangu. Kijana mwenye kamera ndogo ya dijitali, ile ambayo sensa yake ni ndogo kuliko filamu ya milimita 35, anaweza kununua lenzi ya milimita 50 yenye tundu la 1.8, ambayo kwa kawaida ndiyo ya bei nafuu kuliko zote dukani. Kwenye kamera yake itafanya kazi kama ya milimita 75 au 80, na itamsimamisha pazuri. Akiichukua ya milimita 105 itamsukuma nyuma karibu mita tatu, na vyumba vyetu vingi ni vya futi kumi kwa kumi. Atajikuta amegandamia ukutani huku kitanda kikimzuia magoti. Hata mimi, nikitaka kumpiga mtu mzima kuanzia kofia hadi viatu kwa lenzi yangu, nahitaji mita tano na nusu, na hapo lazima twende uani, tuwaombe wenye beseni za kufulia watupishe.

Kuhusu matundu makubwa sana, ya 1.4 na 1.2, ambayo siku hizi yanatangazwa kana kwamba bila hayo hakuna picha, mimi sina haja nayo. Lenzi ya milimita 85 ikifunguliwa hadi 1.4 katika umbali wa mita moja na nusu, sehemu inayotokea wazi ni unene wa sentimita mbili na nusu tu. Mtu akigeuza kichwa kidogo, jicho moja limo na la pili limezama katika ukungu. Mandhari ya nyuma yatafifia kweli, lakini nani aliyekuja kuyatazama? Mimi huifunga yangu hadi 4. Hapo ninapata kama sentimita saba zilizo wazi, macho yote mawili yamo, na kamba ya nguo iliyo nyuma bado inayeyuka bila kuleta usumbufu.

Sasa nije kwenye mwanga, ambako kwetu sisi wenye ngozi nyeusi kumeharibika picha nyingi kuliko kulikoharibika kwa sababu ya lenzi mbovu.

Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Kimetengenezwa kidhani kwamba kila kitu duniani, kikichanganywa pamoja, kina rangi ya kijivu cha wastani. Mweke mzee aliyevaa kanzu nyeupe mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Kipima mwanga kitaona weupe mwingi, kitapunguza mwanga ili weupe ule uwe kijivu, na uso wa mzee utatumbukia gizani. Mweke mama aliyevaa buibui jeusi mbele ya mlango wenye giza. Kitaona weusi mwingi, kitaongeza mwanga, na uso wake utatokea umepauka kama aliyepakwa unga. Katika hali zote mbili kamera haikukosea kwa mujibu wa ilivyoagizwa. Kinachotakiwa ni kupima uso na kuiacha nguo. Njia yangu ni nyepesi: ninaweka kiganja cha mkono wangu mahali penye mwanga ule ule unaoangukia uso wa mtu, ninakipima hicho peke yake, kisha ninaongeza mwanga kwa hatua moja. Viganja vya watu, weusi kwa weupe, havitofautiani sana, na vina mng'ao unaozidi kijivu kile kwa kiasi hicho.

Filamu zenyewe nazo zina habari yake. Kwa miongo kadhaa, maabara za kusafisha picha za rangi zilipelekewa na kampuni ya Kodak kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, ambazo mafundi walizoea kuziita "Shirley". Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi sahihi. Waliokuwa wafanyakazi wa kampuni hiyo wamesimulia kwamba msukumo mmojawapo wa kuziboresha rangi za kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitokei vizuri. Malalamiko ya chokoleti yakasikika. Watu weusi walikuwa wamepigwa picha miaka yote hiyo.

Upo pia mfano mchungu zaidi wa jinsi kamera inavyoweza kuutazama uso bila kumtazama mtu. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni ya Polaroid nchini Marekani, Ken Williams na Caroline Hunter, waligundua kwamba mitambo ya picha za papo kwa papo ya kampuni yao ilikuwa ikitumika Afrika Kusini kutengeneza picha za vitabu vya pasi, vile ambavyo Mwafrika alilazimishwa na makaburu kutembea navyo katika nchi yake mwenyewe. Walianzisha kampeni ya kuisusia kampuni, na mwaka 1977 Polaroid ikaacha kufanya biashara huko. Kamera ile ilikuwa nzuri sana kwa ufundi wake. Uso ulitokea wazi, masikio yalionekana, kila kitu kilikuwa mahali pake. Hata hivyo picha ile ilikuwa kwa ajili ya askari wa barabarani, na mwenye uso hakuwa na lake.

Upande mwingine wa bara letu, mjini Bamako, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948. Alitumia kamera kubwa ya mbao yenye negativu za sentimita 13 kwa 18, na mara nyingi alipiga uani kwa mwanga wa jua, nyuma ya mteja kukiwa kumetundikwa kitambaa chenye marembo. Kwa kuwa kila negativu ilikuwa na gharama, kwa kawaida alimpiga mtu mara moja tu. Alimgeuza kidogo, akampanga mikono, akamrekebisha kilemba, kisha akabonyeza. Wateja wake walilipa, wakaichukua picha, wakaenda nayo nyumbani. Studio za namna hiyo zilikuwako pia kwetu. Ile ya Capital Art ya Unguja, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ina sura za vizazi vya wenyeji wa Mji Mkongwe. Ukizitazama picha hizo hutaweza kusema lenzi ilikuwa ya kampuni gani. Utaona tu kwamba mtu alikuwa amevaa nguo alizozichagua, na alijua picha ni yake.

Nayasema haya kwa sababu ya mama yangu mkubwa, anayeishi Magomeni. Mumewe, aliyekuwa fundi kiwandani kwa miaka mingi, alipofariki hapakuwa na picha yake hata moja isipokuwa paspoti saizi ya kitambulisho cha kazi. Ilibidi ikuzwe kwa ajili ya msiba. Iliyorudi ilikuwa na madoadoa makubwa kama kuku kanga, na uso ulijaa nukta. Mjukuu wake wa miaka minne aliiangalia picha ile iliyowekwa juu ya meza, akauliza, "Huyu ni nani?" Watu wazima tuliokuwa pale tulitazama mkekani.

Mama mwenyewe alikuwa hapigwi picha. Ni mweusi wa kuiva, na katika picha za harusi zote za ukoo wetu, zilizopigwa chini ya mahema meupe kwa flashi ya mbele, ametokea kama kivuli chenye meno. "Mimi picha haziniwezi, mwanangu," alikuwa akisema, na watu hucheka. Miezi mitatu baada ya arobaini aliniita. Alisema hataki yaliyompata baba yawapate wajukuu kwa upande wake pia.

Nilikwenda siku ya Jumapili asubuhi, kabla ya saa tatu, kwa sababu jua la Dar es Salaam la mchana hupiga utosini na kuyageuza macho kuwa mashimo. Nilimwamkia, tukanywa chai, kamera ikiwa mezani ili aizoee. Kisha nilimwomba akae kwenye kigoda barazani, ndani kidogo ya kivuli cha bati, uso ukielekea uani palipokuwa peupe. Mwanga wa namna hiyo humfikia mtu ukiwa umetulia. Huupa uso mweusi mng'ao juu ya shavu na kwenye ukingo wa pua, na mng'ao huo ndio unaochora umbo lake. Flashi ya mbele huuua. Alikuwa amejitanda khanga mpya. Nilipima kiganja changu, nikaongeza hatua yangu moja, nikarudi hatua mbili, nikapiga goti ili lenzi iwe sawa na macho yake.

Alinyamaza kwa muda, akitazama mkono wangu ukizungusha fokasi. Halafu akaniuliza kama baba yangu anajua kwamba siku hizi ninapiga magoti mbele ya wanawake. Hapo ndipo nilipobonyeza. Nilipiga saba kwa jumla, lakini ile ya kwanza ndiyo aliyoichagua. Nilipompelekea imechapwa, aliishika kwa ncha za vidole, akaivuta karibu, akaipeleka mbali. "Kumbe nina kovu hapa," alisema, akigusa nyusi. Alikuwa amelisahau, alilipata utotoni kwa kuanguka kisimani. Alitaka nakala tatu, na moja akaniagiza nisimwonyeshe mtu, kwani ameiweka pamoja na vitu vyake vya safari ya mwisho.

Nirudi kwa yule msichana wa Kiafghani. Jina lake, Sharbat Gula, lilijulikana mwaka 2002, alipotafutwa na kupatikana akiwa mtu mzima mwenye watoto. Mpaka wakati huo hakuwa ameiona picha yake ile. Miaka 17 dunia ilimtazama machoni na yeye hakujua. Lenzi ilikuwa kama yangu, umbali bila shaka ulikuwa mzuri, rangi zake hazina kasoro. Mimi siwezi kuitazama picha hiyo tena bila kuukumbuka muda huo.

Naam, najua wengi wa wasomaji wa ukurasa huu hawana kamera, wana simu. Simu inatosha, mradi irudishwe hatua mbili. Lenzi kuu ya simu nyingi huona eneo pana sana, kama lenzi ya milimita 26 hivi. Kwa hiyo usimsogelee mtu mpaka uso wake uijaze. Baki palepale na utumie lenzi ya pili ya simu, ile iliyoandikwa 2 au 3, kama ipo. Ikiwa haipo, piga hivyo hivyo ukiwa mbali, kisha ukate kingo za picha baadaye. Ule mtindo wa simu wa kufifisha mandhari ya nyuma utumie kwa hadhari, kwani mara kwa mara hukata ukingo wa kofia na kula nusu ya sikio. Zima flashi. Mtoe mtu juani umlete kivulini, ageukie penye mwanga. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili kipimo kitoke hapo, na kama uso mweusi umepauka, teremsha mwanga kwa kidole mpaka ngozi irudi kuwa ngozi.

Kisha ipeleke ikachapwe. Simu huibiwa, huanguka chooni, hufungwa kwa namba ya siri ambayo marehemu hakumwambia mtu. Karatasi ya inchi nane kwa kumi inatosha ukuta wa sebule. Iliyo ndogo kuliko hiyo iwekwe katika albamu, mbali na unyevu, na nyuma yake iandikwe kwa penseli laini jina la mtu, mahali na mwaka.